Sahihi ya Bibi Hannah

Jumamosi asubuhi Nola Tranter lazima awe wa kwanza kufika ukumbini. Ukimtangulia ukafungua mlango kabla yake, chai yako siku hiyo utaipata baridi. Ufunguo anao yeye, hita anawasha yeye, maana baridi ya Cygnet, mji mdogo wa Tasmania, haina mchezo. Ukungu unapanda kutoka mtoni unakuja kukaa kwenye soksi za watu. Akishawasha hita anaziamsha zile kompyuta mbili za zamani, anatoa mkate wa tangawizi mfukoni, anavaa miwani na kusubiri wateja wake. Wateja wenyewe ni watu wanaotaka kujua wametoka kwa nani.

Kazi hiyo hailipwi hata senti. Nola alifunga matufaha kwenye maboksi tangu usichana wake mpaka kiwanda kikafungwa, akamzika mumewe Ron, akalea mabinti wawili ambao sasa wako Melbourne na wanapiga simu Jumapili. Angeweza kukaa nyumbani afume sweta kama wenzake. Sweta zenyewe hajui kufuma, na kukaa hajui pia.

Pale ukumbini wenzake wanashughulika na vyeti na orodha za abiria wa meli. Nola ni wa wosia. Cheti cha kuzaliwa, anasema, kinakwambia mtu alifika, na cha kifo kinakwambia ameondoka. Ukitaka kujua alimpenda nani na nani alimkera, soma wosia wake. Amesoma wa bwana aliyemwachia mkewe nyumba kwa sharti asiolewe tena, na wa mwingine aliyemwachia jirani mguu wake wa mbao kwa sababu walilingana kimo. Kuna mmoja aliletwa Tasmania amefungwa minyororo, akafa ana ng'ombe wake mwenyewe, akawagawa watoto kila mmoja na ng'ombe wake kwa jina. Siku ile Nola alilia, akasingizia miwani.

Na ana mtindo wake wa kusoma, ambao amewafundisha wote kwa ukali. Anzia chini.

"Nyie mnakimbilia katikati kuona nani kapata shamba," huwaambia. "Uroho tu huo. Anzia chini kwa mashahidi. Mtu akikaribia kufa, anaita nani chumbani? Hao ndio watu wake. Ukishawajua hao, panda juu taratibu."

Basi mama huyu, aliyewasomea watu wa bonde zima la Huon wosia wa babu zao, kuna mmoja hajawahi kuufungua. Nao ni wa ukoo wake mwenyewe.

Nola kabla ya kuolewa alikuwa Skeggs, na watu wa Skeggs wako wa aina mbili: wa juu na wa chini. Mzee wao, Bartholomew Skeggs, alifungua shamba la matufaha mlimani na kujenga nyumba ya mbao yenye baraza pande tatu. Alikuwa na wana wawili. Amos alikwenda bara, Australia kubwa, kuchimba dhahabu. Eben alibaki, akamlisha baba yake, akamwogesha, akamgeuza kitandani mpaka mwisho. Mzee alipofariki, mwaka 1893, shamba na nyumba vikaenda kwa Amos aliyekuwa mbali. Eben akashuka mtoni na mkewe mchanga, akajenga kibanda, akafanya vibarua kwenye mashamba ya watu. Hakusema kwa nini. Akiulizwa alikuwa anajibu, "Ndivyo sheria ilivyoamua," basi, anageukia kazi yake.

Eben hakusema, lakini watoto wake walisema, na wajukuu wakaongeza chumvi. Amos alighushi wosia. Amos alimhonga wakili. Mpaka inamfikia Reg, baba yake Nola, hadithi ilikuwa imeshiba na kunenepa. Reg alikuwa hawezi kula tufaha la shamba lile. Akilikuta kwenye bakuli la mtu analisukuma pembeni kwa kisu. Alipokuwa anakufa aliwaita wanawe, Des na Nola, akawaapisha. Hakuna wa kwake atakayekanyaga nyumba ile, mpaka mmoja wa wale wa juu aseme kwa mdomo wake kwamba walichukua kisicho chao.

Wakaapa. Ungefanyaje, baba yako anakufa?

Sasa, hayo yote yangebaki maneno ya mezani kama si Lionel. Huyu Lionel Skeggs ndiye wa mwisho wa wale wa juu. Mjane, masikio makubwa, mpole mpaka anaudhi. Alikuja ukumbini majira ya baridi ya mwaka juzi, kofia mkononi, kutafuta habari za upande wa mama yake. Nola alimtazama juu mpaka chini.

"Wewe ni wa juu," akamwambia.

"Nimezaliwa huko, mama. Sikuulizwa."

Nola alicheka kabla hajajizuia. Akampa kiti, akamfundisha kusoma mwandiko wa zamani, na Lionel akawa mwanafunzi mbaya kuliko wote aliowahi kuwapata, ndiyo maana ilibidi arudi kila Jumamosi. Habari za mama yake zilishapatikana zamani, na bado Lionel anakuja. Akina mama wa ukumbini wakaanza kumwachia kiti cha pembeni ya Nola bila kuambiwa.

Kiapo ni kiapo, kwa hiyo Nola alikuwa akienda mlimani anasimama getini. Lionel anatoka na viti viwili na birika, anapanga nje ya geti, barabarani kabisa, na hapo wanakunywa chai na majirani wakipita na magari wanapiga honi. Siku za barafu alikuwa analeta blanketi. Hakumwambia hata mara moja aingie ndani, na Nola alimpenda kwa hilo kuliko kwa maneno yote ambayo angeweza kuyasema.

Mwaka huu, majani ya miti ya matufaha yalipoanza kupukutika, Lionel aliweka kikombe chini.

"Nola, nyumba ina vyumba vinne, na mimi natumia kiti kimoja. Njoo tukae. Kwa ndoa, kama unataka ndoa. Undugu wetu uko mbali kiasi kwamba hata padri atachoka kuuhesabu."

"We mzee, nina miaka sabini na moja."

"Ndiyo. Sasa tungoje nini?"

Nola alijibu atafikiri. Jibu alikuwa nalo tayari, ila halikuwa lake peke yake. Jumapili iliyofuata alimpelekea kaka yake pai ya nyama kama kawaida, akamweleza.

Des ana miaka sabini na minane, nyonga mbovu na sauti ya kuendeshea ng'ombe. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaweka uma.

"Ameshasema?"

"Amesema nini?"

"Unajua nini. Kwamba waliiba."

"Lionel hajaiba kitu, kaka. Hata kuku wake wanamwonea."

"Sikuulizi kuhusu kuku. Tulimshika mkono mzee mimi na wewe. Ukiingia nyumba ile hivi hivi, Nola, basi hii pai usiniletee tena. Mimi sitakuwa na dada."

Nola alirudi nyumbani akakaa ndani ya gari bila kushuka. Hawa wawili ndio aliobaki nao karibu. Des alimfundisha kuogelea na kuendesha gari. Ron alipofariki, Des alikuja na godoro akalala sebuleni kwake mpaka alipoweza kulala mwenyewe. Na Lionel ni Lionel. Aliona kabisa kwamba kwa vyovyote atakavyoamua, atabaki na nusu ya moyo.

Hapo ndipo aliposema liwalo na liwe, nitausoma.

Watu walishamwuliza miaka mingi, Nola, wa kwenu vipi? Akawa anasema baba yake alishamwambia ni wa uongo, usomwe wa nini. Kweli yenyewe ni kwamba alikuwa anaogopa. Kama Amos alighushi, basi Lionel anakaa kwenye nyumba ya wizi. Kama hakughushi, basi Bartholomew hakumpenda Eben, aliyemgeuza kitandani. Hakuna jibu ambalo lingemfurahisha.

Jumamosi ile aliwaambia wenzake leo hahudumii mtu. Akafungua kwenye kompyuta ukurasa wa wosia wa Bartholomew. Na yeye, fundi wa kuanzia chini, akakimbilia katikati kama mlafi yeyote.

"Kwa mwanangu Ebenezer, ambaye hakuniacha, nyumba hii na shamba lote." Maneno ndiyo hayo. Aliyasoma tena na tena mpaka mama mmoja akaja kumshika bega akidhani anaumwa. Alimpenda! Chini yake kukafuata, "na kilichobaki chote, kidogo au kingi, kwa mwanangu Amos," yaani zana, mbao, na deni la duka.

Kumbe baba yake alikuwa na haki, akawaza, na damu ikampanda kichwani. Shamba lilikuwa la Eben na wakampora mchana kweupe. Alikuwa ameshashika simu kumpigia Des. Halafu mazoea yakamvuta, jicho likashuka chini kwa mashahidi.

Shahidi wa kwanza, Tobias Quill, jirani. Nyuma ya wosia kulikuwa na kiapo cha huyo Tobias mbele ya mahakama. Anaeleza kwamba mto ulikuwa umefurika na barabara imekatika, yeye alivuka kwa mtumbwi; mzee akamtajia maneno naye akayaandika; na kwa kuwa mashahidi lazima wawe wawili, na Eben ndiye mrithi, wakaona Eben asitie sahihi. Ndani ya nyumba alibaki mtu mmoja tu ambaye jina lake halimo kwenye wosia. Wakamwita yeye.

Shahidi wa pili, Hannah Skeggs. Mke wa Eben.

Nola alivua miwani. Mtu mwingine angepita hapo bila kuona kitu, lakini yeye aliijua sheria hii jinsi anavyoijua njia ya kwake. Shahidi wa wosia hawezi kufaidika nao, na mume wake au mke wake naye hawezi. Wosia unabaki mzima, ila fungu lile linafutika kana kwamba halikuandikwa, linaangukia kwa mwenye "kilichobaki chote". Walijaribu kuwa waadilifu, masikini, wakamtoa Eben chumbani, na kwa kumwita mkewe wakamnyang'anya kila kitu.

Wala hilo silo lililomvunja. Kilichomvunja ni sahihi yenyewe. Ilikuwa nzuri, imelala upande, herufi zote zimekamilika, ya msichana aliyefundishwa vizuri shuleni. Na Bibi Hannah, ambaye aliishi mpaka uzee mkubwa, ambaye Nola akiwa na miaka mitano au sita alikaa mapajani pake, ukoo mzima ulijua hajui kusoma wala kuandika. Fomu za pensheni aliweka msalaba. Kwenye harusi ya mwanawe aliweka msalaba. Watoto walikuwa wanamtania na yeye anacheka nao. Kumbe alikuwa anajua. Alishika kalamu mara ile moja, akiwa na miaka ishirini na miwili, ikamgharimu mumewe shamba, na hakuishika tena mpaka anaingia kaburini.

Na Eben alijua. Ndiyo maana alikuwa anasema ni sheria, akageuka. Aliona afadhali watu waseme baba yake hakumpenda, au ndugu yake mwizi, kuliko mtu yeyote amtazame Hannah vibaya. Nola alilaza kichwa mezani akalia kwa sauti, na safari hii hakusingizia miwani.

Alipanda mlimani akiwa bado na macho mekundu. Lionel akatoka na viti. Nola alimsimulia yote pale getini, na yeye akasikiliza huku chai ikipoa.

"Kwa hiyo hakuna aliyeiba," Nola akamaliza.

Lionel alianza kukwaruza tope kwenye kiatu chake.

"Amos alikuja kutoka bara akakuta mdogo wake anafunga mizigo," alisema mwishowe. "Wosia aliusoma. Aliona baba yao alitaka nini. Sheria ilimpa, sawa, lakini hakuna sheria iliyomkataza kurudisha. Alichukua kisicho chake, Nola. Tulichukua. Mimi nimelala humo maisha yangu yote."

Nola hakuwa amemwuliza. Kile baba yake alichokingoja mpaka kufa, mtu huyu amekisema anakwaruza tope.

"Des nitamwambiaje?" aliuliza. "Des alilelewa na Bibi Hannah. Mama alipokuwa kiwandani, yeye ndiye aliyemlea. Nikimwambia ni kalamu ya bibi iliyotutoa kwenye shamba, nitakuwa namwua bibi mara ya pili."

"Basi usimwambie." Lionel alimtazama. "Mwambie Amos alighushi. Nitakuja mimi mwenyewe nimwambie, nimwombe radhi, anitukane mpaka achoke. Sisi tumeshazoea kuitwa wezi. Mwache bibi yenu alale."

Nola alimwangalia na yale masikio yake makubwa, akajua hapo hapo kwamba ataolewa na mtu huyu hata kama dunia itagoma. Lakini uongo huo hakuutaka. Umekwishabebwa na mwanaume mmoja maisha yake yote kwa ajili ya Hannah, na umezaa chuki tupu.

Wakaenda kwa Des pamoja. Des alipomwona Lionel mlangoni alinyanyuka na fimbo yake, Nola akadhani anampiga.

"Des," Lionel akaanza, kofia mkononi, "nimekuja kusema kwamba babu yangu mkubwa ali..."

"Nyamaza, Lionel," Nola akamkata. "Kaa chini, kaka. Nitakusomea."

Akamsomea. Akaanza na lile la "ambaye hakuniacha", na Des akafumba macho na kutikisa kichwa kama anayesikiliza wimbo. Akamsomea mashahidi. Akamweleza sheria. Halafu akampa nakala aone sahihi kwa macho yake, na Lionel akarudia kwa mdomo wake mwenyewe yale aliyosema getini, kwamba Amos alichukua na wao wakakalia, na kwamba anasikitika.

Des alikuwa ameishika karatasi karibu na uso. Kidole chake kilipita juu ya jina la Hannah, herufi moja baada ya nyingine.

"Mimi nilikuwa namsomea gazeti," alisema. "Kila nikitoka shule. Nilidhani hajui. Ananikatia mkate, anakaa, ananisikiliza. Nikikosea neno alikuwa ananiambia, 'Hebu soma tena hapo, Desmond.'" Akaangalia tena jina lile. "Alijuaje nimekosea? Sikuwahi kujiuliza."

Akailaza karatasi magotini.

"Na jioni tukikaa mezani," aliendelea, na ile sauti yake ya ng'ombe ilikuwa imekwisha kabisa, "baba anaanza, waliotuibia, waliotutoa kwetu, laana iwashukie waliofanya vile. Na sisi wote tunaitikia. Na yeye yuko pale pale anatumiminia chai. Nola, yule mama tulikuwa tunamlaani yeye. Kila jioni. Na hakuna mtu aliyejua amwambie haikuwa kosa lake."

Alilia kama watu wa bonde hili wanavyolia wakizeeka, bila sauti, uso umetulia. Nola alikwenda akamshika kichwa, akakiweka tumboni kwake kama cha mtoto. Walikaa hivyo mpaka kuni zikaporomoka ndani ya jiko. Lionel aliinuka akatia nyingine, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine.

Des alijifuta kwa mkono wa sweta. Akamwangalia Lionel, kwa mara ya kwanza bila kumtafutia kosa.

"Ulikuja hapa kuniambia babu yako alighushi."

"Ndiyo."

"Na ulikuwa unajua si kweli."

"Nilikuwa najua."

"Ili mimi nisimfikirie vibaya Bibi."

Lionel akainamisha kichwa. Des alimgeukia dada yake, akaidhinisha kwa namna yake.

"Sasa mwanaume kama huyu," alisema, "unamkalisha barabarani na baridi yote hii anywe chai nje ya geti? Huna haya, Nola. Nenda ukaingie ndani."